Benjamin Mkapa

Benjamin William Mkapa (12 Novemba 1938 – 24 Julai 2020) alikuwa mwandishi wa habari, mwanadiplomasia na mwanasiasa wa Tanzania. Alikuwa rais wa awamu ya tatu wa nchi hiyo kuanzia Novemba 1995 hadi Desemba 2005.

Maisha ya awali

Mkapa alizaliwa katika kijiji cha Lupaso, wilaya ya Masasi, mkoa wa Mtwara. Alisoma Ndanda, seminari ya Kigonsera na Pugu, halafu Chuo Kikuu cha Makerere, alikopata shahada ya Kiingereza mwaka 1962. Baada ya kazi fupi ya utawala wilayani Dodoma alikwenda Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kusomea uhusiano wa kimataifa.

Mwaka 1966 aliteuliwa mhariri wa magazeti ya chama cha TANU, The Nationalist na Uhuru, na mwaka 1972 akahamia Daily News. Mwaka 1974 akawa mwandishi wa habari wa Rais Nyerere.

Diplomasia

Kabla ya urais alifahamika zaidi kama mwanadiplomasia. Mwaka 1976 alitumwa Nigeria kuwa balozi, na mwaka uliofuata akawa Waziri wa Mambo ya Nje. Ulikuwa wakati mgumu: Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka huohuo wa 1977, na mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yakavamia Kagera. Mkapa alishika wizara hiyo hadi 1980. Baadaye alikuwa balozi nchini Kanada (1982) na Marekani (1983–1984), kisha akarudishwa katika wizara ileile hadi 1990, wakati Tanzania ilipokuwa miongoni mwa nchi za mstari wa mbele dhidi ya ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini.

Siasa za nyumbani alizifanya Nanyumbu, jimbo lililokuwa sehemu ya wilaya ya Masasi, alikokuwa mbunge kuanzia 1985 hadi 1995.

Urais

Mwaka 1995 aliteuliwa na CCM baada ya kumshinda Jakaya Kikwete katika duru ya pili, ingawa Kikwete ndiye aliyeongoza katika ile ya kwanza. Nyerere alimnadi kama mtu safi, na katika uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi akapata takriban asilimia 62 ya kura dhidi ya Augustino Mrema na wengine. Mapema katika urais wake aliunda tume ya Jaji Warioba kuchunguza rushwa.

Serikali yake iliuza au kubinafsisha mashirika mengi ya umma, ikiwemo Benki ya Taifa ya Biashara. Mwaka 2001 Tanzania ilisamehewa sehemu kubwa ya madeni yake ya nje, na ada za shule za msingi zikafutwa. Hata hivyo mitaani ukosefu wa fedha uliitwa "ukapa", na neno hilo linaeleza hali ya wananchi wa kawaida kuliko takwimu za uchumi.

Doa kubwa la utawala wake ni Januari 2001, polisi walipowafyatulia risasi waandamanaji wa CUF Unguja na Pemba. Watu kadhaa waliuawa na zaidi ya 2,000 walikimbilia Kenya. Muafaka kati ya CCM na CUF ulitiwa saini Oktoba mwaka huo. Katika kitabu cha maisha yake, kilichotoka 2019, Mkapa alieleza majuto yake juu ya vifo hivyo.

Kwa watu wa Masasi, Newala na mikoa ya kusini kwa jumla, jina lake liko pia katika daraja la mto Rufiji lililofunguliwa mwaka 2003. Kabla yake wasafiri wa Dar es Salaam walisubiri kivuko, na mafuriko yalipokuja barabara ilikatika kabisa.

Baada ya urais

Mwaka 2008 alikuwa pamoja na Kofi Annan na Graça Machel katika usuluhishi uliomaliza ghasia za baada ya uchaguzi wa Kenya. Baadaye aliongoza jopo la Umoja wa Mataifa lililofuatilia kura ya maoni ya Sudan Kusini ya Januari 2011. Kuanzia 2016 alisuluhisha mgogoro wa Burundi kwa niaba ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, lakini mazungumzo hayo hayakuzaa makubaliano.

Alifariki Dar es Salaam na kuzikwa Lupaso tarehe 29 Julai 2020. Aliacha mjane, Anna Mkapa, na watoto wawili.