Herufi Nene Zilizoinama

Herufi za kupigia chapa si za namna moja. Ziko zilizosimama wima, nazo ndizo zijazazo kurasa za vitabu vingi. Ziko zilizoinama kidogo upande wa kuume, kama majani yapigwayo na upepo, nazo huitwa italiki. Tena ziko zilizoinama vile vile, lakini ni nene sana, zifanywazo kwa ajili ya matangazo. Hizi zina nguvu nyingi, na kwa sababu hiyo wengi huzitumia vibaya.

Asili ya herufi za kuinama ni mwandiko wa mkono. Katika mji wa Venice, nchi ya Italia, alikuwako mpiga chapa jina lake Aldus Manutius. Mwaka 1501 alitoa kitabu cha mashairi ya Virgil, kidogo, cha kuchukulika mkononi, nacho chote kilipigwa chapa kwa herufi hizo. Aliyezichonga ni fundi Francesco Griffo, akifuata mwandiko wa wanavyuoni wa siku zile, walioandika kwa haraka. Ajabu yake ni kwamba herufi ndogo tu ndizo zilizoinama. Kubwa zilisimama wima.

Unene ulikuja baadaye sana. Mwanzo wa karne ya 19, mjini London, wafanya biashara walishindana kwa matangazo ya kubandikwa ukutani. Mtu apitaye njiani hangoji. Jicho lake lisipovutwa upesi, amekwisha pita. Basi mafundi, na Robert Thorne mmoja wao, wakainenepesha mistari ya herufi, hata mingine ikawa kama nguzo na mingine ikabaki kama unywele. Za kuinama nazo zikanenepeshwa. Herufi kubwa za risasi zilikuwa nzito na ghali, hata mwaka 1827 Darius Wells wa New York akabuni mashine ya kuchongea herufi za mti kwa wingi.

Ukiitazama a ya namna hii, haina paa juu ya tumbo lake, bali ni duara lenye mkia. Tumbo la e limebanwa hata tundu lake ni dogo mno. Kwa mbali herufi hizi husomeka vema. Zikipigwa chapa ndogo, wino huziba matundu, na neno huwa doa jeusi. Ukurasa mzima wa herufi hizi huchosha macho kabla msomaji hajafika katikati. Kazi yao ni neno moja, au mawili matatu, makubwa, yenye nafasi nyeupe pande zote.

Tuseme maji ya kisima yameharibika, na tangazo labandikwa hapo. Jina la mkubwa aliyeamuru, tarehe, sababu, na shukrani za mwisho, yote yakiandikwa kwa herufi nene za kuinama, hakuna neno lipitalo lingine, na mwenye kiu hatasoma hata moja. Lakini hayo yote yakiwekwa chini kwa herufi nyembamba zilizosimama, na juu yake neno moja tu, YASINYWEWE, nene na limeinama, mtoto ajaye na ndoo ataliona kabla hajaitua.