Shahada Hutolewa na Nani?

Mzee mmoja ametuuliza kwa nini watu wa zamani waliosoma Makerere, Uganda, wana hati zilizotoka London, na hali wengi wao hawakupata kuiona Uingereza. Swali hili ni la haki, maana mzazi auzaye ng'ombe kwa ajili ya ada ya mwanawe hana budi kujua anunuacho.

Watu huchanganya mambo mawili. Chuo ni mahali pa kufundishia. Chuo kikuu ni kile kilichopewa mamlaka ya kutoa shahada. Kimoja chaweza kufanya kazi zote mbili, lakini si lazima. Chuo Kikuu cha London kilipoanzishwa mwaka 1836 hakikuwa na darasa hata moja. Kazi yake ilikuwa kutahini tu, na kufundisha kulifanywa na vyuo vingine kama King's College. Tangu 1858 hata mtu aliyejisomea mwenyewe mbali sana aliweza kufanya mtihani wake.

Makerere nayo ilianza mwaka 1922 kwa useremala, ujenzi na kazi ya mitambo. Baadaye ilifunza udaktari, ualimu na kilimo, lakini shahada haikuwa nayo. Julius Nyerere alitoka huko mwaka 1945 na stashahada ya ualimu. Shahada yake aliipata Edinburgh, Scotland, mwaka 1952. Ndipo mwaka 1949 Makerere ikafungamana na London: walimu wa pande mbili walishauriana katika mitihani, na aliyefaulu akapewa shahada ya London. Wako walionung'unika kwamba huu ni utumwa wa vitabu. Sisi twaona kwamba kipimo kile kiliwapa vijana wetu shahada isiyodharauliwa popote, ijapokuwa mengi waliyofunzwa yalikuwa mbali na mambo ya vijijini kwao.

Mwaka 1963 kikaundwa Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki, chenye vyuo vitatu: Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Masomo ya gharama kubwa yaligawanywa, hata kijana wa Moshi aliyetaka uinjinia alikwenda Nairobi, na wa Kisumu aliyetaka sheria akaja Dar es Salaam. Mwaka 1970 kila nchi ikachukua chake.

Siku hizi vyuo ni vingi, na msimamizi ni Tume ya Vyuo Vikuu kwa Tanzania, Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu kwa Kenya, na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu kwa Uganda. Basi mtoto aletapo barua ya kuitwa chuoni, mzazi aulize: Shahada itatolewa na nani? Na somo hilo lenyewe, je, limekubaliwa? Maana chuo chaweza kuwa na idhini, na somo moja ndani yake lisiwe nayo. Majina ya vyuo vyenye idhini hutangazwa na wasimamizi hao, na mwalimu wa kijiji aweza kumsomea mzazi asiyejua kusoma kabla ng'ombe hajapelekwa mnadani.