Kuvunja na Kuunda: Vimeng'enya katika Rangi za Maganda ya Matunda

Utangulizi

Istilahi "kimeng'enya" imeundwa kutokana na kitenzi meng'enya, yaani kuvunjavunja kitu kikawa vipande vidogo. Ndiyo maana aisikiaye hufikiria mara moja tumbo na chakula. Katika biolojia, hata hivyo, kimeng'enya ni protini inayoharakisha badiliko la kikemia katika kiumbe hai bila yenyewe kumalizika. Badiliko hilo laweza kuwa la kuvunja au la kuunda. Makala haya yanafafanua pande hizo mbili kwa kuangalia mahali ambapo matokeo yake huonekana kwa macho: ganda la tunda.

Vimeng'enya Vinavyovunja

Tunda changa huwa kijani kwa sababu ganda lake limejaa klorofili. Wakati wa kuiva, klorofili huvunjwa kwa hatua. Kimeng'enya kimoja huondoa atomu ya magnesi iliyo katikati ya molekuli. Cha pili hukata mkia wake mrefu. Cha tatu hupasua pete yake, na hapo ukijani hutoweka.

Kazi hii haiendi sambamba na utamu wa ndani. Ganda la chungwa huhitaji ubaridi ili lipoteze ukijani wake. Katika mwambao wa Kenya, ambako hata usiku huwa na joto, chungwa laweza kuiva na kujaa maji matamu ilhali ganda lingali kijani. Mnunuzi anayelikataa kwa kudhani ni bichi hulidhulumu tunda na mkulima pia, kwani amehukumu nyama kwa ushahidi wa ganda.

Vimeng'enya Vinavyounda

Wekundu wa tofaa na weusi wa zambarau hautokani na kuvunjwa kwa kitu bali na kuundwa kwa rangi ziitwazo anthosianini. Kazi huanza pale kimeng'enya fenilalanini-amonia-liasi kinapoondoa amonia kutoka kwa asidi-amino iitwayo fenilalanini. Baada ya hatua nyingine chache, kalkoni-sinthesi huunganisha zao la fenilalanini na molekuli tatu ndogo zaidi, na kujenga kiunzi chenye kaboni 15. Vimeng'enya vingine hukirekebisha kiunzi hicho, kisha kimoja hukipachika sukari ili rangi iwe imara na ihifadhiwe ndani ya seli.

Katika tofaa, mwanga huchochea utengenezaji wa vimeng'enya hivi. Tofaa jekundu likifunikwa kwa mfuko likiwa mtini hubaki limepauka; likifunuliwa kabla ya kuchumwa, huanza kuwa jekundu.

Nyanya, ambayo kibayolojia ni tunda, hufuata njia nyingine. Kimeng'enya fitoini-sinthesi huunganisha molekuli mbili zenye kaboni 20 kila moja kuwa moja yenye kaboni 40. Molekuli hiyo haina rangi. Vimeng'enya vinavyofuata ndivyo huigeuza kuwa laikopeni, rangi nyekundu ya nyanya.

Istilahi na Maana Yake

Je, basi, jina "kimeng'enya" linapotosha? Neno la kimataifa ambalo Kiswahili hulitohoa kuwa "enzaimu" lilibuniwa na mwanafiziolojia Mjerumani Wilhelm Kühne kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya "ndani ya chachu". Vimeng'enya vya tofaa havimo katika chachu, wala hakuna anayelikataa neno hilo kwa sababu hiyo. Istilahi huzaliwa na mzizi wake, lakini hukua kwa matumizi.

Hitimisho

Kasoro, kwa hivyo, haimo katika neno bali katika fasili inayoishia kwenye usagaji wa chakula. Mwalimu akisema kwamba kimeng'enya "huvunja chakula", amesema kweli nusu. Akiongeza kwamba huunda pia, na kutaja wekundu wa tofaa kuwa mfano, mwanafunzi atapata dhana kamili kwa neno la Kiswahili lililopo tayari.