Stima Kupotea si Stima Kuzimwa

Stima ikipotea Mji wa Kale wa Mombasa, ndipo wengine hukumbuka kutengeneza ile soketi iliyolegea. Hatari iko hapo hapo, maana stima haibishi hodi inaporudi. Hata kama ni tokeni zilizoisha, kijana aliye Nairobi aweza kununua kwa simu, mtu akabonyeza zile tarakimu 20, na volti 240 zikakukuta umeshika waya.

Zima meinswichi mwenyewe. Ikiwa ni ya fyuzi, ing'oe uitie mfukoni. Ikiwa ni ya kisasa, ibandike utepe na uwaambie walio nyumbani.

Lakini nyumba za Kibokoni na Ndia Kuu, humu Mji wa Kale, zina mambo yake. Mombasa ilipata kampuni ya stima mwaka 1908, na tangu hapo kila kizazi kimeongeza waya zake juu ya zile za waliotangulia. Nyumba ya mawe iliyojengewa ukoo mmoja leo ina wapangaji kila ghorofa na mita zao. Soketi ya ukumbini yaweza kuwa inakula stima ya jirani wa juu tangu ndugu walipogawana urithi. Wewe umezima kwako, yeye hakuzima.

Swichi ya soketi nayo usiitegemee. Fundi akiwa aligeuza waya, imekata nyutro na kuiacha laivu: feni imesimama, moto upo. Na hata ikikata laivu sawasawa, skrubu za nyuma zingali na moto.

Kwa hiyo pima. Bisibisi ya testa huwaka kwa mkondo mdogo unaopita mwilini mwako. Ukiwa juu ya ngazi ya mbao kavu, au jua likipiga dirishani, waweza usikione kitaa chake. Mimi siiamini. Chukua kipima chenye ncha mbili, ukijaribu kwanza kwenye soketi unayojua ina stima, hata kama ni kwa jirani. Kisha pima ile ya kazi: laivu na nyutro, laivu na ardhi, nyutro na ardhi. Halafu rudi kwenye ile yenye stima. Marudio haya ndiyo mafundi huyaruka, na bila hayo huwezi kujua kama soketi ndiyo iliyokufa au ni kipima.

Ukifungua kifuniko, pima tena kwenye skrubu zenyewe. Ukikuta moto ilhali umezima kila kitu, rudisha kifuniko, umwite fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti kawi.