Umeme safi, ruhusa ya kuchelewa: mafunzo ya Turkana na Fosen kwa Kongo

Mwezi wa Oktoba 2021, mahakama mbili zilizo mbali sana moja na nyingine zilitoa hukumu zinazofanana. Huko Norway, Mahakama Kuu ilisema vibali vya kujenga mitambo ya upepo kwenye rasi ya Fosen havina nguvu, kwa sababu vinavunja haki ya Wasami, wenyeji wa asili wanaoishi kwa ufugaji. Mwezi huohuo, huko Kenya, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Meru ilisema hati za ardhi iliyojengwa mitambo mikubwa ya upepo karibu na Ziwa Turkana zilitolewa bila kufuata sheria.

Kule kote wakaaji walishinda. Na kule kote, siku ya hukumu ilikuta mapanga ya mitambo yanazunguka tayari.

Jambo hilo linatuhusu sisi pia katika Kongo. Nchi yetu inatafuta umeme wa maji, wa jua na wa methane, na wakaaji wengi bado wanawasha mshumaa na taa ya mafuta usiku. Hakuna anayebisha kwamba umeme unahitajika. Swali ni hili: mwenye ardhi anaulizwa lini?

Hektari elfu 60 za malisho

Mradi wa Lake Turkana Wind Power uko katika jimbo la Marsabit, kaskazini mwa Kenya. Una mitambo 365 yenye uwezo wa megawati 310. Ujenzi ulianza mwaka 2014, umeme ukaanza kuingia katika mtandao wa taifa mwaka 2018, na rais Uhuru Kenyatta akauzindua rasmi Julai 2019. Ulihesabiwa kuwa mradi mkubwa kuliko yote ya upepo katika Afrika.

Ardhi iliyopewa mradi ni ekari 150 000, yaani karibu hektari 60 000. Mitambo yenyewe inakaa kwenye sehemu ndogo ya eneo hilo. Lakini eneo zima ni la watu wanaohama na mifugo yao kufuata maji na majani: Warendille, Wasamburu, Waturkana. Kwa mfugaji, ardhi isiyo na nyumba si ardhi tupu. Ni malisho ya mwezi ujao, ni njia ya ngamia kwenda kisimani, ni mahali pa kukimbilia mvua ikikosekana kwingine.

Wakati ule ardhi hiyo ilikuwa ya amana: baraza la wilaya liliishika kwa niaba ya wakaaji. Sheria ya Kenya ilitaka wakaaji wasikilizwe na fidia ipangwe kabla ya kuitenga kwa kazi nyingine. Mwaka 2014 baadhi ya wakaaji walienda mahakamani wakisema hayo hayakufanyika. Walingoja miaka saba. Majaji waliwapa haki: utaratibu haukufuatwa. Wahusika wakapewa mwaka mmoja kurekebisha makosa, la sivyo hati zifutwe. Mwaka ulipita, na mwaka 2023 mahakama ikakataa kuongeza muda. Kampuni nayo iliendelea kujitetea mbele ya sheria.

Ni haki kusema pia kilicho kizuri. Kampuni ilitengeneza barabara ya kilomita 208 kutoka Laisamis, mahali ambapo gari lilikuwa likihangaika siku nzima. Vijana walipata kazi wakati wa ujenzi. Kenya ilipata umeme usiochoma mafuta. Lakini barabara haijibu swali la hati. Na ujenzi ulipokwisha, kazi nyingi za vijana zilikwisha nao, huku mkataba wa ardhi ukiwa wa miaka mingi.

Hata katika nchi tajiri

Mtu anaweza kufikiri kwamba hayo hutokea Afrika tu. Fosen inaonyesha kinyume. Norway ina pesa, ina mahakama zenye nguvu, ina hata bunge la Wasami. Bado mitambo 151 ilijengwa kwenye malisho ya majira ya baridi ya wafugaji wakati kesi yao inaendelea.

Majaji wote 11 walikubaliana kwamba haki ya Wasami ya kuishi utamaduni wao imevunjwa. Walisimama juu ya kifungu cha 27 cha Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na za Kisiasa, kinacholinda utamaduni wa jamii ndogo. Lakini mitambo haikuzimwa. Mwaka 2023 vijana Wasami walikalia wizara ya nishati mjini Oslo kudai hukumu itekelezwe, na serikali ikaomba radhi. Mapatano na makundi mawili ya wafugaji yalifikiwa Desemba 2023 na Machi 2024. Mitambo ikabaki. Wafugaji wakapata fidia na ahadi ya malisho kwingine.

Hapo ndipo somo lilipo. Mbele ya ujenzi, jamii inaweza kusema ndiyo, inaweza kusema hapana, inaweza kusema pitisheni kule. Baada ya ujenzi, kinachobaki ni kujadili bei.

Kwetu: nyaya juu ya vichwa

Kongo ina historia yake. Inga 1 ilianza kazi mwaka 1972, Inga 2 mwaka 1982. Kutoka huko ukavutwa waya wa kilomita zipatazo 1 700 hadi Kolwezi, kupeleka umeme kwenye migodi ya Katanga. Waya huo ulipita juu ya vijiji vingi ambavyo havikupata hata taa moja. Mzee wa kijiji aliweza kuonyesha nguzo kubwa nyuma ya shamba lake, kisha akaingia nyumbani kuwasha kibatari.

Sasa miradi mingine inakuja. Juni 2025 Benki ya Dunia ilikubali kutoa dola milioni 250 za kutayarisha Inga 3, baada ya kujiondoa katika mradi huo mwaka 2016. Huku mashariki, Kongo, Rwanda na Burundi zinapanga Ruzizi III, yenye megawati 206. Huko Rutshuru, kituo cha Matebe kimekwisha kuonyesha kwamba maji ya mito yetu yanaweza kuwasha taa za Goma. Na mito mingi bado inangoja, mingine ikiwa ndani ya misitu ya Wambuti na Batwa.

Kwa hao, hatuwezi kusema sheria haipo. Sheria namba 22/030 ya tarehe 15 Julai 2022 inalinda haki za wenyeji wa asili Wapigme. Inatambua haki yao juu ya ardhi na mali ya asili wanayoitumia, na inataka waulizwe na wakubali kwa hiari yao, wakiwa wamepewa habari zote, kabla mradi haujagusa maisha yao. Ule mkataba uliowapa Wasami ushindi, nchi yetu iliukubali tangu mwaka 1976.

Tunajua pia gharama ya kutouliza. Hifadhi ya Kahuzi-Biega iliundwa mwaka 1970, na Batwa wakafukuzwa msituni bila kuulizwa na bila fidia. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu ilitangaza mwaka 2024 kwamba serikali ya Kongo ilivunja haki zao. Ile ilikuwa kazi ya kulinda wanyama, si ya umeme. Lakini neno lililotumika ni lilelile: faida ya wote. Waliolipa ni wachache, na hukumu iliwafikia wajukuu.

Ruhusa inaulizwa namna gani?

Mara nyingi ruhusa huonekana hivi: wageni wanafika na gari mbili, wanakaa na mwami au chifu wa kundi, watu wanasaini orodha ya waliohudhuria, soda zinagawanywa. Baadaye orodha hiyo inaonyeshwa mjini kama uthibitisho kwamba raia wamekubali. Lakini kusaini kwamba nilikuwepo si kusaini kwamba nimekubali.

Kwa Wapigme shida inazidi. Wengi hawana hati yoyote, na kijiji chao huhesabiwa chini ya chifu wa jamii nyingine. Chifu huyo anaweza kukubali kwa niaba yao, akapokea kwa niaba yao, na wao wakasikia habari siku tingatinga linapofika.

Kwa hiyo, mradi unapotajwa mahali, kuna maswali ambayo kila mkaaji ana haki ya kuyauliza mapema. Mkutano unafanyika kwa lugha gani? Wanawake, ambao ndio wanaoteka maji na kukusanya kuni na dawa za msituni, wanasikilizwa? Ramani inaonyesha makaburi na njia za kuwinda, au inaonyesha mto tu? Nakala ya mkataba itabaki kijijini? Umeme wenyewe utafika kwetu, na kwa bei gani? Na je, tukisema hapana, jibu hilo litapokelewa?

Pale penye pesa za benki za kimataifa, kuna mlango mwingine. Mwaka 2014 familia za Wamaasai zilihamishwa huko Olkaria, Kenya, kwa ajili ya umeme wa joto la ardhini. Walijengewa nyumba mpya, lakini wakalalamikia ardhi waliyopewa na hati zake. Walipeleka malalamiko kwa Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya. Malalamiko yakachunguzwa, na mwaka 2016 mazungumzo na kampuni yakazaa makubaliano. Si dawa ya kila kitu, lakini mashirika ya raia yanapaswa kuujua mlango huo kabla Inga 3 na mingine haijaanza kumwaga saruji.

Watu wa serikali husema mara nyingi kwamba kuuliza kila kijiji kutachelewesha maendeleo. Turkana ilijengwa haraka, na tangu hapo hati zake zinabishaniwa mahakamani. Fosen ilijengwa haraka, na ikalipa kwa maandamano baada ya hukumu. Miezi sita ya kukaa chini ya mti na kusikilizana ingekuwa rahisi zaidi.

Maji ya mito yetu hayatakauka kesho. Kuna wakati wa kuuliza, na wakati huo ni sasa, mashine zikiwa bado bandarini.