Faili la Amri Lilivyonitia Aibu Busia

Watu wengi hudhani kwamba kuiamuru kompyuta ni kazi ya mabingwa waliosoma miaka mingi. Sivyo. Likizo iliyopita mimi, mwanafunzi wa hapa Tororo, niliandika mistari miwili tu, nayo ikafanya kazi ya saa nzima kwa kufumba na kufumbua. Kisha mistari hiyo hiyo ikaniletea msiba, na hiyo ndiyo habari ninayotaka kuwaelezeni.

Mjomba wangu ni wakala wa forodha huko Busia, upande wa Uganda. Siku hizi maofisa wa Kenya na Uganda hukaa pamoja katika kituo kimoja, na lori husimama mara moja tu, upande linakoingia. Lakini kwa wakala karatasi ni zile zile. Ankara na hati za mizigo hupitishwa katika mashine na kuingia katika kompyuta, zikiwa na majina ya namba tu. Kila jioni kazi yangu ilikuwa kuzinakili katika flashi, moja moja, kisha kuzifuta katika kompyuta.

Basi nikakumbuka faili la amri. Ni faili la maandishi matupu ambalo jina lake huishia kwa .bat. Waliandika kwa Notepad, na ukilibonyeza mara mbili, Windows husoma mstari wa kwanza na kuutimiza, kisha wa pili, mpaka mwisho. Desturi hii ni ya tangu MS-DOS, mwaka wa 1981. Langu lilikuwa hivi:

copy C:\Hati\*.pdf E:\Magari
del C:\Hati\*.pdf

Copy hunakili, del hufuta, na nyota ile maana yake ni "jina lolote". E ni herufi ya flashi. Kwenu yaweza kuwa nyingine.

Juma zima mambo yalikwenda sawa. Mjomba akanisifu mbele ya wateja, nami nikavimba kichwa. Ijumaa flashi ikajaa, akanunua mpya. Nikaichomeka, nikabonyeza, nikaenda zangu kununua rolex, ile chapati iliyokunjwa na mayai ndani.

Jumatatu mteja mmoja akataka hati za lori lake. Katika flashi palikuwa na faili moja tu liitwalo Magari, nalo halikufunguka.

Sababu ni hii. Flashi mpya haikuwa na kabrasha la Magari. Copy ilipolikosa, ilidhani kwamba Magari ni jina la faili jipya, ikazimimina hati zote humo, kama mtu atiaye maharage, chumvi na mafuta ya taa katika gunia moja. Wala haikulalamika, iliandika kwamba faili 1 limenakiliwa, dirisha likajifunga, nami nilikuwa nakula. Ndipo del ikafuta. Tena mjue kwamba del haitupi kitu katika pipa la taka la Windows, ambamo ungeweza kukiokota.

Mjomba hakunigombeza. Alinyamaza, na hilo ni baya zaidi. Nikawapigia simu madereva mmoja mmoja, nikiwasihi wapige picha karatasi zao kwa simu. Wengine walikuwa wamekwisha fika Kampala. Kumi na mmoja walikubali; wa kumi na mbili alikuwa amekwisha zikabidhi zake, ikambidi mjomba aende mwenyewe kwa mwenye mzigo kuomba nakala.

Sasa faili langu ni hili:

if not exist E:\Magari\ md E:\Magari
copy C:\Hati\*.pdf E:\Magari\ && del C:\Hati\*.pdf
pause

Mstari wa kwanza hutengeneza kabrasha kama halipo. Mkwaju ule wa mwisho baada ya Magari, ambao mwanzoni niliudharau, huiambia copy kwamba hilo ni kabrasha, si faili, likikosekana, itakataa. Alama za && maana yake ni kwamba del isianze mpaka copy ifaulu. Pause huzuia dirisha lisijifunge, upate kusoma kompyuta inasema nini. Nanyi mnaojaribu mara ya kwanza, wekeni echo mbele ya del: amri itaandikwa tu kwenye kioo, isifute kitu.

Mjomba amelisoma faili jipya mstari kwa mstari, akatikisa kichwa. Bado hataki kuiona del katika kompyuta yake. Likizo ijayo nitamwomba tena.