Mjue Samaki Msafishaji wa Mwamba Wetu



Siku moja maji yakipwa, vaeni miwani ya kuzamia mkachungulie kwenye matumbawe. Huenda mkamwona chewa mkubwa ametulia tuli, kinywa wazi, na kasamaki kembamba kanaingia mpaka ndani na kutoka salama. Mbona hakamezi? Kumbe anatibiwa! Kasamaki haka hula vidudu vinavyonyonya damu kwenye ngozi, mashavu na kinywa cha samaki wengine. Sisi tunamwita msafishaji. Wataalamu humwita Labroides dimidiatus.

Tutamtambuaje?

Ni mwembamba, wa sentimita 10 hivi, na hakui zaidi ya 14 au karibu na hapo. Ana mstari mweusi toka mdomoni, unapita jichoni na kuzidi kupanuka hadi mkiani. Upande wa nyuma ana rangi ya buluu. Mtoto wake ni mweusi, mwenye mstari wa buluu ing'aayo mgongoni. Akitaka wateja huogelea akipandisha na kushusha mkia, kama anayecheza ngoma.

Lakini jihadharini, yuko tapeli anayefanana naye sana, Aspidontus taeniatus. Huyo hasafishi, hung'ata mapezi ya wenzake. Tazameni mdomo: wa msafishaji uko mbele kabisa, wa tapeli uko chini ya pua.

Anaishi wapi?

Hukaa penye matumbawe, toka maji mafupi hadi kina cha mita 40 hivi. Ana kituo chake, pengine tumbawe moja tu, na wagonjwa humfuata hapohapo. Dume mmoja huishi na majike kadhaa. Dume akifa, jike aliye mkubwa hugeuka kuwa dume.

Kwa nini tusimuuze?

Samaki huyu huvuliwa kwa biashara ya samaki wa mapambo, hata hapa Kenya. Pesa hupatikana, ndiyo, lakini tuhesabu hasara. Huko Lizard Island, Australia, watafiti waliwaondoa wasafishaji kwenye miamba kadhaa kwa miaka 8 na nusu. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2011 yalionyesha kwamba samaki wakaao hapo walikuwa pungufu kwa asilimia 37, na aina zao kwa asilimia 23, kuliko kwenye miamba iliyoachwa na wasafishaji wake. Basi anayemtoa msafishaji mmoja anapunguza na kitoweo cha jirani.

Kikundi chenu kifanye nini?

1. Tafuteni vituo vya wasafishaji, mchore ramani yenu kwa mkono.
2. Kubalianeni hapo pasivuliwe, pasitupwe nanga wala kuburutwa juya.
3. Watembeleeni wenzetu wa Kuruwitu, Kilifi, waliotenga sehemu ya bahari yao mwaka 2005. Sehemu kama hiyo huitwa tengefu.

Mjadili mkutanoni: Je, mwamba wetu umebakiwa na vituo vingapi? Na nani atavilinda?